Madoa ya Angani: Nilivyojifunza Kusafisha Kihisi cha Kamera

Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ni ndege. Nilikuwa nimepiga picha za anga alfajiri, mawingu membamba na mwanga mwekundu, nikafunga tundu la lenzi hadi f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo) ili kila kitu kionekane wazi, kuanzia mawe ya mbele hadi upeo wa macho. Nyumbani nilipozifungua kwenye kompyuta nikakuta vitone vitatu vya kijivu upande wa juu kushoto. Nikafungua picha ya pili: vitone vitatu, palepale. Ya tatu, palepale. Picha hizo zilikuwa zimepishana kwa zaidi ya nusu saa, na hakuna ndege anayening'inia angani kwa muda huo wote bila kusogea.

Nikaishuku lenzi. Nikafuta kioo cha mbele kwa kitambaa laini, nikapiga tena, vitone havikuondoka. Nikafuta na kioo cha nyuma. Vikabaki. Mwishowe nikabadilisha lenzi, na vitone vile vikaja na lenzi ya pili mahali palepale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uchafu haukuwa kwenye lenzi hata kidogo. Ulikuwa ndani ya kamera, juu ya kihisi, ile sensa inayopokea mwanga na kuugeuza picha.

Nilichofanya baada ya hapo bado kinaniuma. Nilitoa lenzi, nikainua kioo cha kuakisi kinachokaa mbele ya kihisi kwa kupitia menyu, nikakiona kile kipande kinachong'aa kwa rangi ya zambarau na kijani, nikainama nikakipuliza kwa mdomo. Pumzi moja tu. Picha iliyofuata ilikuwa na vile vitone vitatu, na juu yake kundi la madoa mapya ya duara, mepesi katikati na meusi pembeni. Yalikuwa mate. Mate yakikauka huacha chumvi na utando ambao hewa haiwezi kuung'oa. Kwa hiyo kazi iliyohitaji hewa kidogo tu niliigeuza kwa sekunde moja kuwa kazi ya kulowesha na kufuta, na wakati huo sikuwa na vifaa wala ujuzi wa kuifanya.

Tangu siku hiyo nimekisafisha kihisi changu mara nyingi, na vya rafiki kadhaa, mezani, bila maabara. Si kazi ya kutisha. Ila ina utaratibu, na karibu kila mara nilipokaribia kuharibu kitu nilikuwa nimeuruka utaratibu huo kwa sababu ya haraka, au kwa sababu nilitaka usafi usio na dosari.

Kilichonituliza kwanza ni kujua ninachokigusa. Tunasema "kusafisha kihisi", lakini kile kipande cha silikoni chenye mamilioni ya pikseli hakiguswi kamwe. Mbele yake kimewekwa kioo chembamba cha filta, ambacho kazi yake kubwa ni kuzuia mwanga wa infraredi usiifikie silikoni. Vumbi hutua juu ya kioo hicho, na hicho ndicho tunachofuta. Chenyewe ni kigumu kiasi. Kinachohitaji kuhurumiwa ni tabaka jembamba lililopakwa juu yake, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikiburutwa juu ya tabaka hilo huacha mkwaruzo, na mkwaruzo hauna dawa. Fundi hubadilisha sehemu nzima. Sheria nyingine zote zinatoka hapa: usiburute chochote juu ya kioo kabla hujahakikisha kwamba kila kinachoweza kupeperuka kimeshapeperuka.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa kwa nini madoa yale sikuyaona miezi yote iliyotangulia. Vumbi halikuingia alfajiri ile. Lilikuwepo. Nilikuwa napiga picha za watu kwa f/2.8, na kwa f/2.8 vumbi halionekani. Sababu yake ni rahisi ukiichora kwenye karatasi. Mwanga unaokwenda kuunda nukta moja ya picha haufiki kama uzi. Unakuja kama pia ya kuchezea watoto, mpana kwenye lenzi na mwembamba kwenye kihisi. Tuseme vumbi limekaa milimita 1 mbele ya silikoni. Kwa f/2.8, pia hiyo ya mwanga ikifika kwenye vumbi ina upana wa kama milimita 0.36. Kwa f/16 ina upana wa kama milimita 0.06 tu. Sasa weka hapo chembe yenye upana wa milimita 0.05. Kwenye pia pana inaziba sehemu ndogo sana ya mwanga, karibu asilimia 2, na jicho halitambui. Kwenye pia nyembamba inaziba zaidi ya nusu, na unapata doa jeusi lenye ukingo mkali. Nilipoielewa hesabu hiyo nilipata kipimo ambacho bado nakitumia: kabla ya kuuliza kama kihisi ni kichafu, uliza unapiga picha kwa tundu gani. Anayepiga watu kwa f/2 hadi f/4 anaweza kuishi na vumbi mwaka mzima bila kupata hasara. Anayepiga mandhari kwa f/11 au f/16, au vitu vidogo kwa karibu sana, ndiye anayehitaji kujua mapema.

Namna ya kujua ni kupiga picha ya majaribio. Mimi huweka kamera kwenye tundu la f/16, ISO 100 (yaani wepesi mdogo wa kupokea mwanga), nazima ulengaji wa kujiendesha, kisha naielekeza kwenye kitu kisicho na mchoro wowote: anga tupu, ukuta mweupe, au skrini ya kompyuta iliyojazwa rangi nyeupe. Lenzi naiharibia ulengaji kwa makusudi ili ukuta wenyewe usionekane, na kamera naitikisa taratibu wakati shata, lile pazia linalofunguka kupitisha mwanga, iko wazi, hata kama ni sekunde 1 au 2. Mtikisiko huo hufuta alama zote za ukutani, lakini vumbi linasafiri pamoja na kamera kwa hiyo linabaki limetulia kwenye picha. Naongeza mwanga kidogo ili nyeupe isitoke kijivu. Kisha kwenye kompyuta naikuza hadi pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya skrini, naongeza kontrasti, naipitia kama mtu anayesoma ukurasa, kutoka kona hadi kona.

Kuna jambo hapa lililonipotezea jioni nzima. Lenzi huigeuza picha juu chini inapoitupa kwenye kihisi. Vitone vyangu vilikuwa juu kushoto kwenye picha, nami nilikuwa nikilenga hewa juu kushoto ya kihisi, tena na tena, nikishangaa kwa nini havisogei. Ukiwa umeikabili kamera kwa mbele, imesimama wima na tundu la lenzi linakutazama, kilicho juu kwenye picha kiko chini kwenye kihisi, ila kushoto kunabaki kushoto. Vitone vyangu vilikuwa chini kushoto muda wote. Siku hizi naandika kwenye kikaratasi kabla sijaanza: mstatili mdogo, nukta palipo na doa, na mshale wa kunikumbusha upande wa juu.

Pia si kila uchafu unaouona unahusika. Ukichungulia kwenye kitafutio cha kamera yenye kioo ukaona unyoya mweusi, huo uko kwenye kioo cha kuakisi au kwenye skrini iliyo juu yake, na hauingii kwenye picha kabisa. Uache. Kioo cha kuakisi kimepakwa rangi ya fedha upande wa mbele na ni dhaifu kuliko filta ya kihisi. Nimeona kioo cha namna hiyo kilichofutwa na mwenyewe kwa kitambaa: kilibaki na mistari isiyotoka, kwa ajili ya unyoya ambao haukuwa ukimdhuru mtu.

Hatua ya kwanza haihitaji kufungua kamera. Kamera nyingi za sasa zina uwezo wa kuitetemesha filta kwa kasi kubwa ili vumbi lidondoke. Olympus E-1 ya mwaka 2003 ilianza na jambo hilo, na Canon wakalileta kwenye EOS 400D mwaka 2006. Ukilitafuta kwenye menyu utalikuta chini ya usafishaji wa kihisi. Iweke kamera ikae wima juu ya meza, kama inavyokaa kwenye mkono wakati wa kupiga, maana vumbi linalodondoka linatakiwa lielekee chini ya chumba cha kihisi. Endesha mara tatu au nne. Mara nyingine inatosha. Vumbi lenye unyevu au lililoganda haling'oki hivyo, na mate yangu hayakung'oka, lakini haigharimu chochote kujaribu.

Hatua ya pili ni hewa, na hapa ndipo ningependa kila mtu atumie muda mrefu zaidi. Kifaa chake ni pampu ya mpira ya kupuliza, ile wengine wanayoiita bloa: puto la mpira lenye mdomo mwembamba, unaliminya kwa mkono. Bora lenye vali ya kuvutia hewa kwa nyuma, ili lisifyonze vumbi kupitia mdomo uleule kisha kulirusha ndani. Kabla ya kulielekeza kwenye kamera naliminya mara kadhaa pembeni, kwa sababu pampu yenyewe hukaa kwenye begi na hubeba vumbi. Kamera naishika ikitazama chini, tundu likielekea sakafuni, mkono wa pili unapuliza kutoka chini kwenda juu. Vumbi likiachia linaanguka nje. Nilipokuwa mgeni niliilaza kamera mezani ikitazama dari na kupuliza kwa bidii. Nilichokuwa nikifanya ni kulizungusha vumbi ndani ya chumba hadi litue tena pahala pengine.

Ncha ya pampu haiingii ndani ya kamera. Ibaki usawa wa mdomo wa kamera au nje kidogo. Mkono ukiteleza wakati wa kuminya, plastiki ikagonga kioo, hewa haitakuwa na maana tena. Minya mara kumi au kumi na tano, rudisha lenzi, piga picha ya majaribio, linganisha. Rudia. Vile vitone vyangu vitatu vya mwanzo, baada ya kuanza kulenga upande sahihi, viwili viliondoka kwa hewa peke yake. Nilikuwa nimeteseka wiki nzima kwa kitu cha dakika tano.

Makopo ya hewa iliyoshindiliwa, yale ya kusafishia kibodi, yasiingie kabisa kwenye kazi hii. Ndani yake kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika. Kopo likiinama au likitikiswa hutema matone ya baridi kali juu ya kioo, na kinachobaki ni ukungu mweupe unaohitaji kusafishwa kwa kimiminika kingine. Nguvu yake pia ni kubwa mno kwa mapazia ya shata, ambayo ni mabapa membamba sana.

Nimefika kwenye shata, niseme kuhusu betri, kwa sababu hapa nilipata hofu ambayo sijaisahau. Kwenye kamera yenye kioo, kihisi kimejificha nyuma ya kioo na nyuma ya shata. Ili ukifikie, unachagua kwenye menyu kipengele cha kusafisha, kamera inainua kioo na kufungua shata, na umeme wa betri ndio unaovishikilia. Umeme ukikatika, vyote vinajifunga palepale. Kamera yangu ya zamani ilikuwa ikikataa kuingia kwenye kipengele hicho kwa sababu betri haikuwa imejaa. Badala ya kuelewa kwamba inanilinda, nikatafuta njia ya kuizunguka: nikaiweka kwenye mfumo wa Bulb, ule unaoacha shata wazi kwa muda wote kitufe kimebonyezwa, nikafunga waya wa kubonyezea. Nilikuwa nimeshaushika mkono wa kijiti cha kufutia kihisi, sijauingiza, niliposikia kishindo kidogo. Betri ilikuwa imekwisha. Kioo kilikuwa kimeshuka na shata imefunga. Sekunde tatu baadaye kijiti kingekuwa ndani, katikati ya mabapa. Mikono ilinitetemeka, nikafunga kamera na kuiacha hadi kesho yake. Betri iliyojaa kabisa ni sharti, na mfumo wa Bulb hautumiki kusafishia hata siku moja.

Kamera zisizo na kioo zina unafuu, kwa kuwa kihisi kinaonekana mara tu unapotoa lenzi. Unafuu huo unakuja na mambo yake mawili. Baadhi hufunga shata zinapozimwa ili kukikinga kihisi, kwa mfano Canon EOS R ya 2018, na pazia hilo ukilidhania kuwa ni kihisi ukaligusa, umeharibu shata. Jambo la pili ni kihisi kinachoelea: katika kamera zenye kutuliza mtikisiko kwa kusogeza kihisi chenyewe, kuizima kamera hukiacha kihisi kikining'inia kwenye sumaku, kinacheza ukikigusa. Si ubovu. Soma mwongozo wa kamera yako uone kama una kipengele cha kukifunga wakati wa kusafisha, na mkono uwe mwepesi kuliko kawaida.

Sasa kulowesha. Miongozo mingi ya watengenezaji inaishia kwenye pampu ya mpira, na kwa kinachobaki inakuelekeza kwa mafundi wao. Siulaumu ushauri huo. Anayeogopa, au mwenye kamera iliyo bado kwenye dhamana, aufuate bila aibu. Mimi niliamua kujifunza kwa sababu mate yangu yalikuwa yamekauka pale na nilitaka kurekebisha nilichokiharibu.

Kijiti cha kazi hii ni kama mwiko mdogo bapa uliovishwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kimefungwa kwenye pakiti yake, na upana wake hulingana na kimo cha kihisi ili mpito mmoja ufagie kioo chote. Kihisi cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, hivyo kijiti chake ni cha milimita 24. Kile cha APS-C, aina ya kihisi kidogo kuliko hicho, kina kimo cha kama milimita 15 hadi 16, kijiti chake ni cha milimita 16. Nilinunua cha 24 kwa kamera ya APS-C nikidhani kikubwa ndicho bora. Hakikuingia, nikashukuru kwamba sikukilazimisha. Kimiminika kiwe kile kilichotengenezwa kwa vihisi, kinachokauka upesi bila kuacha alama. Vijiti vya pamba vya masikio huacha nyuzi. Maji huacha madini. Dawa ya kusafishia vioo vya madirisha ina sabuni na manukato. Asetoni inayeyusha plastiki iliyo pembeni. Fulana yako, hata iwe safi namna gani, ina mafuta ya ngozi.

Chumba nakiandaa saa moja kabla. Nafuta meza kwa kitambaa kibichi, nafunga dirisha, nazima feni, kisha natoka ili vumbi litulie. Nguo yenye manyoya naivua, nanawa mikono, nafunika pua na mdomo kwa barakoa. Taa naiweka pembeni, imwage mwanga kwa mlalo juu ya kioo, kwa sababu mwanga wa mlalo unaonyesha chembe ambazo mwanga wa mbele unazificha. Na hata kama nimeshapuliza, napuliza tena. Kijiti kilicholowa hakiingii mahali ambapo hewa haijapita kwanza.

Matone mawili kwenye ukingo wa kijiti, si zaidi. Nasubiri sekunde chache yaenee kitambaani. Naweka ukingo mwanzoni mwa kioo, nainamisha kijiti kidogo kuelekea ninakokwenda, na kukivuta kwa mwendo mmoja usiosimama hadi mwisho. Mgandamizo ni kama wa kalamu inayoandika kwenye karatasi. Nageuza kijiti upande wa pili ambao haujagusa kitu, narudi nacho. Basi. Kijiti hicho hakirudi tena kwenye kioo. Kinatupwa, hata kama kwa macho kinaonekana safi, maana chembe iliyonasa kwenye kitambaa sasa ni msasa.

Mara ya kwanza niliweka matone matano. Nilidhani ninakuwa mpole kwa kukilowesha sana. Picha ya majaribio ilitoka na michirizi kama kioo cha gari kilichofutwa vibaya, na uchafu wote ulikuwa umesukumwa na kuganda ukingoni. Kijiti cha pili, matone mawili, michirizi ikapungua. Cha tatu, ikaisha. Mate yote yalikuwa yameondoka. Kilibaki kitone kimoja, kwenye kona, kidogo kiasi kwamba nilikiona kwa f/22 tu baada ya kuongeza kontrasti hadi mwisho.

Ningeacha pale. Sikuacha. Nilichukua kijiti cha nne kwa ajili ya kitone hicho, kikabaki. Cha tano nacho hivyohivyo. Ilikuwa imeshakuwa usiku, mgongo unauma, na nilikuwa nimeanza kukivuta kijiti hadi mwisho kabisa wa kona kukifuata kitone. Kwenye mpito wa mwisho ncha iligusa ukuta wa chumba cha kihisi. Kuta hizo zina mitambo ya shata iliyotiwa grisi. Niliporudi nacho nilipaka grisi hiyo katikati ya kioo, mstari mmoja mnene, mpana, unaoonekana hata kwa f/5.6. Vijiti vilikuwa vimekwisha. Nilikaa siku kadhaa nikisubiri vingine, nikiwa na kamera chafu kuliko nilivyoianza, kwa sababu ya doa ambalo hakuna picha yangu hata moja ingewahi kulionyesha.

Grisi ile ilitoka baadaye kwa vijiti vitatu. Tangu hapo nimejiwekea mpaka: nasafisha hadi anga liwe safi kwa f/11 likionekana katika ukubwa wa kawaida, na kwa f/16 pabaki visivyozidi viwili au vitatu pembeni. Vilivyobaki naviondoa kwenye programu ya kuhariri picha kwa kubofya mara moja moja, kazi ya sekunde chache. Kihisi kisicho na chembe hata moja nimekipata mara mbili tu, na mara zote mbili vumbi lilirudi nilipobadilisha lenzi.

Madoa ya mafuta nayo huja bila kosa la mtu. Shata mpya inapoanza kufanya kazi huweza kurusha chembe za mafuta au vipande vidogo vya rangi kwenye kioo, na ndiyo sababu kamera mpya huweza kuhitaji kusafishwa mapema kuliko kuukuu. Nikon D600, iliyotoka mwaka 2012, ilijulikana sana kwa vitone vyeusi vya namna hiyo. Kampuni ilitoa tangazo la huduma mwaka 2013, na mwaka 2014 ikakubali kukagua, kusafisha na kubadilisha shata bila malipo. Doa la mafuta utalitambua kwa duara lake lililo sawasawa na katikati yake panapopitisha mwanga. Vumbi lina umbo la hovyo na ni jeusi zaidi. Mafuta yakirudi kila baada ya picha mia chache, huko si kusafisha tena. Peleka kwa fundi. Ukungu wenye matawi, maji ya chumvi yaliyoingia ndani, na mkwaruzo, vyote ni vya fundi pia, na mapema.

Vumbi jingi la kwangu, nilikuja kugundua, lilikuwa likitoka kwenye kifuniko cha nyuma cha lenzi. Nilikuwa nakitia mfukoni kila nikibadilisha lenzi. Kinatoka na nyuzi za mfuko, kinafungwa kwenye lenzi, nyuzi zinatua kwenye lenzi, lenzi inafungwa kwenye kamera. Sasa vifuniko viwili navifunga kimoja kwa kingine, mdomo kwa mdomo, vikisubiri. Kamera nazima kabla ya kutoa lenzi, naitazamisha chini, na lenzi inayoingia inakuwa tayari mkononi. Kitendo hicho kimepunguza usafishaji wangu wa kulowesha kutoka kila miezi miwili hadi mara moja au mbili kwa mwaka.

Majuzi kijana mmoja tunayefanya naye kazi alikuja na kamera yake na pakiti ya vijiti ambayo hajaifungua. "Kaka, nifundishe kusafisha," akasema, na tayari alikuwa ameanza kuchana pakiti. Nikamwomba aiweke kwanza. Tukapiga picha ya majaribio: madoa saba. Tukaitetemesha filta mara nne, yakabaki matano. Tukaichaji betri hadi ikajaa, tukakaa tukizungumza mambo mengine. Kisha nikamwachia pampu, kamera ikitazama sakafu, nikimwonyesha kwenye kikaratasi kwamba juu ni chini. Baada ya raundi tatu lilibaki doa moja, karibu na ukingo wa kulia.

"Sasa tuloweshe?" akauliza.

Nikamwuliza picha zake huzipiga kwa f ngapi. Akasema ni watu tu, f/2, ikizidi sana f/4. Tukapiga moja kwa f/4 kwenye ukuta uleule, akaikuza, akautazama ukingo ule kwa muda mrefu. Hakuona kitu. Akarudisha lenzi, akakitia kile kijiti begini kikiwa bado kwenye pakiti yake.